Mkono wa Kushoto wa Mama Atuganile

Kaeni, wapendwa. Wa nyuma sogeeni mbele, mimi siumi. Leo sitaanza na maelezo, nitaanza na daktari.

Kulikuwa na daktari bingwa wa upasuaji katika hospitali moja ya misheni, huko kwenye baridi ya milimani, watu wanakolima viazi na chai na kuvaa makoti mwezi wa saba. Naona mmeshaanza kunong'onezana ni hospitali ipi. Haipo. Nimeitunga juzi nikichambua maharage, na mke wangu ni shahidi kwamba maharage yenyewe niliyachambua vibaya.

Bingwa huyo alikuwa na kazi mbili, kupasua wagonjwa na kuwafundisha madaktari vijana wanaosomea upasuaji. Na huko kwenye kufundisha kulikuwa na fomu. Fomu hiyo ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kinasema mwanafunzi huyu asimamiwe kwa karibu. Cha pili, asimamiwe kwa mbali. Cha tatu, anaweza kupasua peke yake. Bingwa akitia alama ya vema kwenye cha tatu, mwanafunzi anapelekwa wilayani, kwenye hospitali ambayo haina mpasuaji mwingine. Mama mjamzito akikwama, ni yeye. Aliyeangukiwa na mti, ni yeye. Bingwa asipotia alama hapo, mwanafunzi anabaki mwaka mwingine, na ile wilaya nayo inabaki mwaka mwingine bila mtu.

Mnauona uzito wa ile kalamu? Ukikosea upande huu, mgonjwa anafia mikononi mwa asiyeweza. Ukikosea upande ule, anafia njiani akipelekwa kwa anayeweza. Sisi tunadhani kupima watu ni kukaa kwenye kiti na kukunja uso.

Sasa mwaka huo alikuwepo mwanafunzi mmoja, binti wa miaka thelathini na kitu, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Fomu yake ilitakiwa mwisho wa mwezi, na bingwa alikuwa hamwelewi kabisa.

Sikilizeni alivyokuwa hamwelewi. Jumatatu binti akipewa mgonjwa wa ngiri, anaifanya kazi mpaka bingwa anatikisa kichwa kwa raha. Mkono unakwenda, unarudi, hakuna kusitasita. Jumatano ngiri nyingine, mambo yale yale. Ijumaa, ngiri ile ile ya upande ule ule, binti anakuwa mtu mwingine. Anasimama. Anaangalia chombo mkononi, anakirudisha, anaomba kingine. Kazi ya saa moja inakwenda saa mbili na nusu, na jasho linamtoka kwenye baridi ile. Wagonjwa walipona wote, tumshukuru Mungu, lakini bingwa alirudi nyumbani kila Ijumaa akiwa amechoka kama aliyekuwa akipasua yeye.

Aliandika kwenye daftari lake: Jumatatu hodari, Jumatano hodari, Ijumaa hovyo. Wiki iliyofuata akaandika hivyo hivyo. Wiki ya tatu hakuandika, aliweka tu alama kwamba ni kama juu.

Akamwita. "Mwanangu, Alhamisi jioni huwa unafanya nini?"

"Nafua, mwalimu."

"Unafua tu?"

"Na kuanika."

Bingwa akafikiri labda ni kufua. Jamani, msicheke, mtu akichanganyikiwa hushika chochote. Akamwambia asifue Alhamisi, afue Jumamosi. Binti akakubali kwa heshima, na Ijumaa mambo yakawa yale yale. Akafikiri labda anafunga kula siku ya Ijumaa, akamuuliza, akajibiwa kwamba asubuhi hiyo amekula viazi na chai ya maziwa. Akafikiri labda ni taa. Akabadilisha taa. Akafikiri labda ni chumba, akawahamishia chumba cha pili. Ijumaa ikabaki Ijumaa.

Na mwisho wa mwezi unakuja. Akichukua kalamu akakumbuka Jumatatu, mkono unakwenda kisanduku cha tatu. Akikumbuka Ijumaa, unarudi cha kwanza. Kuna siku alikiangalia kisanduku cha pili, akaona ni kama kuwaambia watu wa wilayani mpokeeni nusu ya daktari. Ilimuuma, maana alimpenda yule binti na alikuwa na hofu ya Mungu. Usidhani kila anayechelewa kusaini anaringa.

Basi ikawa Jumatano moja. Binti anapasua, bingwa amesimama pembeni na daftari. Barakoa yake haikukaa vizuri, pumzi ikapanda, miwani ikajaa ukungu. Akaivua. Na bila miwani yule mzee alikuwa haoni kidonda wala uso wa mtu. Akaona basi, kwa leo nitasikiliza.

Akamsikia binti akisema, "Mkasi."

Halafu akasikia tik.

Mimi si daktari, mkasi ninaoujua ni wa kukatia kucha. Lakini nimeambiwa kwamba kuna chombo kinaitwa kibano, cha kubana mshipa unaovuja damu, na kina meno, ukikifunga kinalia tik. Mkasi haulii tik. Bingwa akakunja uso. Binti ameomba mkasi, na kilicholia ni kibano, na kazi inaendelea kama kawaida, wala hakuna aliyeshtuka.

Akasogea. Akavaa miwani. Mara hii hakuangalia kidonda, aliangalia mikono. Binti akanyoosha mkono bila kugeuza kichwa, akasema, "Uzi." Kilichowekwa kwenye kiganja chake ni shashi ya kukaushia damu, kwa sababu damu ilikuwa inataka kukaushwa kabla ya kushona. Binti akakausha. Ndipo uzi ukaja, wala hakuuomba tena.

Huyu aliyekuwa akiweka vitu mkononi alikuwa muuguzi. Hawa wengine wote nimewaacha bila majina, na hamkuona shida. Lakini huyu nikimwacha bila jina mtamsahau, kama walivyomsahau wao. Aliitwa Mama Atuganile. Miaka ishirini na minane alikuwa amesimama kwenye chumba kile akiwapa madaktari vyombo. Jumatatu hadi Alhamisi. Siku ya Ijumaa yeye huwa chumba cha nyuma, anasimamia kuchemshwa kwa vyombo na kupangwa kwa vitambaa, na mezani wanasimama wauguzi wadogo, ambao hutoa kilichotajwa tu.

Bingwa akalifunga daftari. Kumbe. Kumbe Ijumaa haikuwa kufua.

Baada ya kazi akamwita Mama Atuganile pembeni. "Mama, huyu mwanafunzi akikuomba kitu, huwa unampa alichosema?"

"Nampa kinachotakiwa, Daktari."

"Kuanzia kesho mpe alichosema."

"Hata akisema vibaya?"

"Hata akisema vibaya. Ndiyo mtihani wenyewe."

Mama akawa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Basi mkono wa kulia nitampa alichosema," akasema. "Na mkono wa kushoto nitashika kinachotakiwa. Maana mgonjwa hajaja kufanya mtihani."

Kesho yake ikawa hivyo. Binti akasema mkasi, akapewa mkasi. Akauangalia ule mkasi kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu asiowajua wanakula. Hakuelewa. Akamwangalia Mama, Mama akainamisha macho na kufungua mkono wa kushoto, kibano kikawa pale. Ilitokea mara nne. Mara ya nne macho ya binti yalikuwa na machozi, lakini akaendelea kupasua.

Bingwa aliandika yote. Fumbo lilikuwa limefumbuka, na wa Ijumaa ndiye mwanafunzi wa kweli. Jioni akaketi ofisini, akatoa fomu, akaelekeza kalamu kwenye kisanduku cha kwanza. Asimamiwe kwa karibu. Mwaka mwingine. Kalamu ilikuwa haijagusa karatasi pale hodi ilipobishwa mlangoni.

Alikuwa Mama Atuganile, ameshavaa koti lake la kwenda nyumbani.

"Samahani, Daktari. Nilitaka kuuliza kuhusu Jumatatu. Ni zamu yako ya kupasua."

"Ndiyo."

"Na wewe nikupe ulichosema? Au niendelee kama siku zote?"

Wapendwa, hebu mkae na neno hilo kidogo. Kama siku zote.

Bingwa alicheka kwanza. Alidhani ni utani, ingawa tangu amjue yule mama hakuwahi kumsikia akitania. Kisha kicheko kikakauka. Akasema kwa sauti ya mkubwa, "Nipe ninachosema, Mama. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii." Mama akaitikia, akaaga, akaenda zake. Kuna methali ya nyani, mnaijua, mimi sitaimalizia kwa sababu ya mahali niliposimama, hapa mimbarani.

Jumatatu akaletwa mama mmoja mwenye rovu kubwa shingoni. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na alikuwa ameacha kuimba kwa sababu pumzi haitoshi. Akawekwa usingizi. Bingwa akaanza, mwanafunzi akiwa upande wa pili wa meza akimsaidia kushikilia. Kazi ikaenda vizuri mpaka mshipa mmoja ukafunguka, damu ikaanza kupanda. Si jambo kubwa kwa bingwa. Akanyoosha mkono pasipo kugeuka.

"Mkasi."

Akapewa mkasi.

Sasa nataka mumwone mzee huyu. Amesimama, mkono uko hewani, ndani ya mkono kuna mkasi, na hajui umetoka wapi. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba Mama amezeeka. La pili, kwamba wamemfanyia njama. Akasema kwa ukali, "Nimesema kibano."

"Umesema mkasi, Daktari."

Akamgeukia mwanafunzi aliye mbele yake, kama mtu anayetafuta shahidi. Binti akamwangalia juu ya barakoa, akasema taratibu, "Umesema mkasi, mwalimu."

Damu inapanda, na mzee bado anajiuliza mdomo ule ni wa nani. Kisha akaona mkono wa kushoto wa Mama umefunguka karibu na wake, na kibano kimelala juu yake. Akakichukua. Tik. Damu ikasimama. Jambo lote lilichukua muda wa kuvuta pumzi mbili, lakini bingwa alisema baadaye kwamba hajawahi kuona pumzi mbili ndefu kama zile.

Mpaka kazi inakwisha ilikuwa imetokea mara tano. Mara tano, na mwanafunzi wake ilikuwa mara nne.

Mgonjwa alipona, hilo niwaambie msikae na wasiwasi, na mpaka leo anaimba sauti ya pili. Lakini bingwa hakwenda kula. Alikaa kwenye benchi la kubadilishia nguo na ile fomu magotini, kofia ya upasuaji bado kichwani. Akilini mwake kulikuwa kunazunguka jambo moja. Ikiwa huyu binti hayuko tayari, mimi ni nani? Na ikiwa mimi niko tayari, huyu amekosa nini? Akiligeuza, linarudi lilivyo. Miaka kumi na tisa alikuwa hapasui Ijumaa, Ijumaa ni ya wanafunzi. Hata dharura ikitokea, Mama huyo huyo aliitwa, nyumba yake iko nyuma ya ua. Hajawahi hata siku moja kupewa alichosema.

Mama Atuganile akapita na ndoo ya vyombo. Bingwa akamuuliza, na sauti haikuwa tena ya mkubwa. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama akaweka ndoo chini. "Siku ya kwanza nilitaka kukuambia. Ulikuwa mgeni, unaogopa, nikaona haya kukuaibisha. Nikasema nitamwambia kesho."

"Ni miaka kumi na tisa."

"Ndiyo, Daktari. Nilidhani nakusaidia. Na huyu binti nilidhani namsaidia." Akafuta mikono kwenye aproni. "Na mimi mwezi wa sita nastaafu. Ndiyo maana ulipoanza na mtihani wako nikaona nisinyamaze tena."

Bingwa akamnyooshea fomu na kalamu. "Basi nisaidie hili. Yuko kisanduku gani?"

Mama akaisoma fomu kwa kuisogeza mbali na macho, kama wasomavyo watu wa umri wake. "Hiki cha tatu kimeandikwa peke yake," akasema. "Miaka ishirini na minane niko mle ndani, Daktari. Sijamwona mtu aliyepasua peke yake."

Hakuweka alama. Alirudisha karatasi, akachukua ndoo yake.

Bingwa akafanya mambo mawili. Akaandika barua kuomba wiki sita zaidi kwa ajili ya mwanafunzi. Kisha akachukua fomu nyingine tupu, akaandika juu yake jina lake mwenyewe, akampelekea Mama Atuganile. Hiyo Mama aliitia alama bila kufikiri mara mbili. Kisanduku cha kwanza, asimamiwe kwa karibu. Na kwenye nafasi ya msimamizi akaandika jina la yule binti.

Kwa wiki sita, kila upasuaji, wote wawili walipewa walichosema, na mkono wa kushoto ukawa tayari. Wakawa wanajisikiliza wanaposema. Binti alipunguza kutoka mara nne hadi moja, hadi ikapita wiki nzima ule mkono wa kushoto haujafunguka. Akasainiwa. Akaenda wilayani, na siku ya kwanza akamwambia muuguzi kijana aliyemkuta kule, "Dada, nikisema vibaya, niambie nimesema vibaya." Na bingwa? Bingwa bado. Wiki ya sita alikuwa kwenye mara mbili. Fomu yake iko kwenye droo mpaka leo.

Sasa niseme na sisi.

Mimi mwenyewe sina hakika kama Mama Atuganile alifanya vema. Nimelala na jambo hili siku kadhaa. Bila yeye ni wagonjwa wangapi wangeumia? Na kwa sababu yake ni madaktari wangapi walitoka pale wakidhani ni mabingwa, wakaenda mahali wakanyoosha mkono na kupewa walichoomba? Alipenda, na kupenda kwake kukanyamaza miaka ishirini na minane. Wako hapa akina mama ambao wamewafunika waume zao hivyo. Wako akina baba wamewafunika watoto wao. Mnashika kitu sahihi mkono wa kushoto, lakini mnakiweka kimyakimya, na yule anayepokea anaondoka akijisifu mkono wake.

Lakini sikuja kwa ajili ya Mama Atuganile. Nimekuja kwa ajili yetu wenye kalamu. Alhamisi wazee wa kanisa na mimi tunakaa kumpima mwinjilisti wetu, kama anafaa kukaa peke yake kule mtaa wa juu. Nimesikia maneno tayari. Kwamba juzi alikosea kusoma. Kwamba kwenye msiba alisahau jina la marehemu, na mjane akamkumbusha. Hajaiva, mnasema. Na mimi nilisema hivyo hivyo, msinione nimesimama huku juu. Nilikuwa nimeshaandika kichwani.

Halafu nikajiuliza swali moja, ndipo maharage yakaharibika. Mimi, aliyenisaini ni nani, na siku aliyonisaini, nani alikuwa amesimama pembeni yangu? Wiki mbili zilizopita nilitaja namba ya wimbo hapa. Wimbo niliotaja ni wa mazishi, na tulikuwa tunabatiza. Mwalimu wa kwaya hakusema neno. Akapiga wa ubatizo, nyote mkaimba, nami nikaimba kwa sauti kubwa nikijiona nimechagua vizuri. Mke wangu ndiye aliyeniambia, wiki nzima baadaye, na aliniambia kwa sababu nilikuwa namsema mwinjilisti.

Kwa hiyo, wazee wangu, Alhamisi njooni na kalamu. Lakini kila mmoja aje na fomu mbili, na ile ya pili ampe aliyekaa jirani yake aijaze. Ndipo tutazungumza habari za huyo kijana.

Na wewe, mwalimu wa kwaya, usiangalie chini. Leo nikitaja wimbo, piga ule niliotaja.

Tusimame tuimbe. Wimbo namba mia mbili na kumi na… ngojeni. Ngojeni kwanza nivae miwani.